Jino Moja: Safari ya Kupeleka Kemshafti Ilagala

Mmekuwa mkiniuliza, kila mmoja kwa mtindo wake, nilikwenda kufanya nini Kigoma na kwa nini nilirudi kimya. Selemani ameshaeneza pale gereji kwamba nimeoa mke wa pili. Sijaoa. Nilikwenda kufunga kemshafti. Naona bora niandike mara moja, msome wote, kisha mniache nifanye kazi.

Wale msiojua mambo ya injini nitawavumilia leo tu. Kemshafti ni chuma chenye nundu zinazosukuma valvu zifunguke, moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Chuma hicho kinazungushwa na gia, na gia yake inaumana na gia ndogo ya krenki, ile inayopandisha na kushusha pistoni. Ukizikutanisha gia hizo mbili kwenye jino lake, injini inapumua vizuri. Ukikosea jino moja, inawaka lakini inalalamika. Ukikosea mengi haiwaki kabisa. Kutafuta jino lenyewe ndiko tunakoita kuweka taimingi.

Pikipiki ni ya Mzee Yohana wa Ilagala, yule Mrundi niliyewasimulia niliporudi kutoka kwenye ile kazi ya pampu. Ni ya Kiingereza, ya enzi za wakoloni, silinda moja, valvu zimesimama pembeni badala ya juu. Baba yake aliinunua huko kwao kwa mmisionari. Mwaka sabini na mbili kulipoharibika, baba alichukuliwa na hakurudi. Yohana akampakia mama yao amvushe mpaka kwanza, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, na dada yake Adela akamwacha ndani ya nyumba. Alimwambia asitoke kwa kuitwa na mtu yeyote, hata akiitwa kwa jina, kwa sababu siku zile watu walikuwa wakiitwa kwa majina yao na sauti za jirani zao. Atoke akisikia pikipiki tu. Aliporudi kumfuata, nyumba ilikuwa wazi na haina mtu.

Miaka yote hiyo hakujua kama dada yake yu hai. Mimi nilipofika Ilagala pikipiki ilikuwa imechoka, silinda imelika, bushi za kemshafti zimekwisha. Bloku yake ilikataa kutoka kwenye fremu kwa kutu, nikaiacha, nikachukua silinda, pistoni, valvu, kemshafti na gia zote mbili nije kuvichonga hapa Morogoro. Kabla ya kuzitoa gia nilizitia alama pale zinapoumana, kwa rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu, maana nukta za kiwandani zilikuwa zimeshasagika.

Halafu akaja yule mfanyabiashara wa dagaa, mnamjua, na salamu za mdomo. Mzee Yohana anasema fundi alete roho ya pikipiki, dada amepatikana. Alikuwa amevuka ziwa na kundi la wakimbizi wapya, wakahifadhiwa katika kijiji cha milimani ng'ambo ya mto Malagarasi ambako gari halifiki. Macho yake hayaoni vizuri tena. Mzee alikuwa ametuma vijana wawili wa baiskeli wamlete, nao wakamweleza kwamba wametumwa na kaka yake Yohana. Adela alijifungia ndani na jembe mkononi. Mzee mwenyewe ana mguu mbovu, hatembei mbali wala hawezi baiskeli. Na kulikuwa na habari kwamba malori yangekuja barabara kuu kuwakusanya wote wa kundi lile na kuwapeleka kambini, na akishapanda lori nani atajua ameshushwa wapi. Nilifunga mizigo siku ileile.

Morogoro hadi Tabora: mtoto asiyelia

Silinda na vitu vizito niliviweka kwenye sanduku chini ya kiti cha treni. Kemshafti na gia zake sikuviamini chini. Nundu zikigongwa basi tena. Nikavifunga kwa kitenge kikubwa, tabaka juu ya tabaka, nikavipakata.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kinyamwezi, mnene, mcheshi, anarudi Tabora kutoka kwa binti yake. Tangu Kilosa alikuwa akinitazama kwa huruma. Dodoma akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Mimi nilikuwa nasinzia, nikadhani ananiuliza juu ya wangu wa nyumbani, nikamwambia minane. Akauliza mama yake yuko wapi. Nikasema kabaki Morogoro. Akatikisa kichwa.

Tulipofika Saranda, pale ambapo nusu ya behewa hushuka kununua kuku, alirudi na kuku wake na kikombe cha uji mwepesi. Akasema mtoto hajalia tangu asubuhi, hajanyonya, na mwanaume akiachiwa mtoto anaweza kumuua bila kukusudia. Akaomba ampokee. Behewa zima lilikuwa upande wake, na kijana mmoja mwanajeshi alisimama kabisa kunitazama vizuri.

Nikafungua kitenge. Yule mama alipoiona gia inang'aa mle ndani alicheka mpaka akatoka machozi, na watu wakaja kutoka behewa la pili kumwona mtoto wa fundi. Uji aliniachia nikanywa mwenyewe. Nilipomweleza kinakokwenda chuma hicho na kwa nini, kicheko kilimwisha. Akanisaidia kukifunga upya, akabana ncha za kitenge kama wanavyobana kina mama, na hakikulegea tena hadi Kigoma.

Tabora hadi Kigoma: kusubiri kichwa

Tabora treni ilikaa. Kichwa cha treni kiliharibika, kingine kikasubiriwa kutoka sijui wapi, na kila tuliyemuuliza alisema kinakuja. Mnanijua mimi na kusubiri. Nilikwenda kuwaangalia mafundi wa reli wakihangaika, nikatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, nikafukuzwa kwa adabu. Nikarudi nikanunua asali na karanga, nikala hadi tumbo likaniuma.

Kichwa kilipopatikana tulikwenda polepole. Nguruka walituuzia samaki wa kukaanga wa mtoni, Uvinza chumvi, na watu walinunua chumvi utadhani Kigoma hakuna. Nilinunua na mimi.

Baada ya Uvinza mazungumzo behewani yalibadilika. Watu walianza kuzungumza kwa Kiha, na nilikuwa nikidaka neno moja moja, mkimbizi, ziwa, kambi. Mwalimu mmoja kutoka Mbeya aliyepangiwa kazi huko alinung'unika kwamba wageni wamemaliza kuni na bei zimepanda. Mzee wa Kiha aliyekaa naye alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia taratibu kwamba mwanangu, na wewe ni mgeni, na tumekupa nyumba. Mwalimu akacheka, akamgawia chungwa. Nilimpenda yule mzee.

Ujiji: beseni la mama mkwe

Mke wangu ni mzaliwa wa Ujiji, na mdogo wake mama mkwe wangu, Bi Zainabu, ndiye aliyenipokea. Kwetu huyo naye ni mama mkwe. Mbele yake sipandishi sauti, silali mchana, na nikikohoa nageuka pembeni. Alinipikia migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese na ugali wa muhogo, akasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza. Nilimaliza, nikaongezwa.

Boti ya Ilagala ilikuwa ya kesho yake. Nilitaka kutoa vumbi la safari kwenye vyuma, nikamwomba beseni. Akanipa la bati jeupe lenye maua, la kunawia wageni. Nikamimina mafuta ya taa, nikalaza humo kemshafti na gia, nikaenda Kigoma mjini kutafuta petroli ya kubeba. Nilirudi jioni.

Beseni lilikuwa limeanikwa juu ya uchanja, jeupe. Vyuma vyangu vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka kwenye kitambaa safi, na nawaapia sijapata kuona vyuma visafi namna ile. Bi Zainabu alikuwa ameviosha kwa majivu, akavisugua kwa mchanga wa ziwani, akavisuuza, akavikausha, kisha akavipaka mawese visishike kutu. Vilikuwa vinanukia kama chakula.

Ilibidi anieleze, kwa sababu niliduwaa. Chombo kikitoka nyumbani kwake hakitoki na uchafu wa mtu. Mgeni wake aende Ilagala na vitu vichafu, watu wa Ilagala watasema nini juu ya nyumba aliyolala? Alivisugua mwenyewe, hakumwachia mtu.

"Kulikuwa na kidamu chekundu kimegandia kwenye meno," akasema, anajivunia. "Kigumu hicho. Nimekikwangua kwa ncha ya kisu mpaka kikatoka chote."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Mngekuwa nyie mngepiga kelele, na mimi kwa mtu mwingine ningepiga. Nilimwambia ahsante mama, vimependeza sana. Kisha nikatoka nyuma ya nyumba, nikaupiga teke mgomba, nikarudi kula.

Nimelifikiria sana jambo hilo na sina la kumlaumu. Angemfanyia vilevile mkwe yeyote. Na mimi nilitia alama ya roho ya mtu kwa rangi ya kucha.

Katonga hadi Ilagala: watu wa godoro

Asubuhi, ufukweni Katonga, boti haikuondoka. Tulikuwa tumeshakaa, sanduku langu limebanwa kati ya magunia, tulipoamriwa kushuka. Mtumbwi mkubwa ulikuwa umetia nanga Katonga umejaa watu waliovuka ziwa, na boti yetu ilihitajika kuwachukua wagonjwa.

Niliona watu wakishuka na godoro moja watu sita, na mwanamke amebeba cherehani kichwani, maji yamemfika kifuani, haachii. Hakuna aliyepiga kelele. Wauza samaki wa Katonga waliacha meza zao wakaingia majini kuwapokea watoto. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga dagaa za kuuza alizimwaga zote kwenye sinia akalisukuma kwa watu, akaendelea kukaanga nyingine. Nilikuwa na hasira za kucheleweshwa tangu Tabora, na hapo ziliniisha. Nilishika upande mmoja wa lile godoro tukalipandisha juu ya mchanga.

Mzee mmoja katika hao alinisalimu amahoro, nami nikamjibu hivyohivyo. Akaniuliza kitu kirefu nisichokielewa. Muuza samaki akanitafsiria kwamba anauliza hapa ni wapi. Nikamwambia Katonga, Kigoma. Alilirudia jina hilo mara nyingi, anajifundisha.

Tuliondoka alasiri. Ziwa lilikuwa limetulia, mashine ya boti inapiga vizuri, nami nikawa nahesabu kichwani namna ya kuipata taimingi bila alama. Nahodha aliniona midomo inatembea, akadhani nasali kwa kuogopa maji. Akanituliza kwamba hajawahi kuzamisha mtu. Nilimwacha aamini hivyo.

Ilagala: injini nzuri, sauti siyo

Mzee Yohana alinisubiri ufukweni, fimbo mkononi, kofia kifuani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla hatujaulizana habari za nyumbani akauliza itawaka lini. Malori yalikuwa yametangazwa kuja baada ya Jumapili, na ile ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia kesho. Juu ya rangi ya kucha sikumwambia kitu, nilidhani haina haja.

Kwa sababu taimingi ya injini inaweza kutafutwa upya, hata kama hakuna alama wala kitabu. Inataka subira tu, na mafundi wenzangu watanielewa. Nilikata duara kwenye mfuniko wa kopo la biskuti, nikaligawa kwa kipimapembe cha shule, nikalifunga kwenye ncha ya krenki. Kipande cha waya wa baiskeli nikakifanya mshale. Kwanza nilitafuta pale pistoni inapofika juu kabisa, na hapo macho yanadanganya, kwa sababu pistoni ikifika juu inakaa kidogo kana kwamba imesimama. Basi unaweka kizuizi juu ya silinda, unazungusha krenki kulia mpaka pistoni iguse, unatia alama kwenye duara, unazungusha kushoto mpaka iguse tena, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele.

Halafu valvu. Mwishoni mwa kutoa moshi na mwanzoni mwa kuvuta hewa kuna wakati mfupi valvu zote mbili zimefunguka kidogo, moja inaondoka zamu, nyingine inaingia. Katika injini za zamani kama ile, pistoni ikiwa kileleni, zote mbili zinatakiwa ziwe zimenyanyuka sawasawa. Nilitumia karatasi ya kusokotea tumbaku chini ya kila valvu, navuta, nasikiliza vidole. Nikasogeza gia jino kwa jino. Majino yalikuwa bado yanateleza kwa mawese ya mama mkwe. Nilipopata jino ambalo karatasi zote mbili zilitoka kwa uzito mmoja, nilitia alama, mara hii kwa patasi.

Jumamosi mchana nilifunga kila kitu, nikapiga kiki. Ya tatu ikashika. Jamani, ilikuwa inapiga vizuri. Laini, mpigo juu ya mpigo, unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya tangi. Watu wa Ilagala walikuja, wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Nami, sitaficha, nilijiona.

Mzee Yohana alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefumba macho. Alinyanyua mkono nizime. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie, "Fundi, umefanya kazi. Lakini siyo yenyewe."

Nilikasirika. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo yenyewe, kwamba huenda haijapata kupiga hivyo tangu izaliwe. Akaniacha nimalize. Kisha akanieleza kwamba baba yake aliwahi kuifungua injini ile na kuifunga mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, na tangu hapo ilikuwa na sauti yake. Inapiga mbili, inasita kidogo, inapiga. Walikuwa wakiisikia kutoka bondeni, yeye na Adela, na kabla haijatokea walishajua kwamba data, yaani baba, anarudi, na Adela alikuwa akiteleka maji. Pikipiki nzuri ziko nyingi, akasema. Hata wale waliokuja kuwachukua watu walikuwa nazo.

Hapo ndipo nilipoelewa alichofanya Bi Zainabu. Alama zangu nyekundu zilikuwa zimeshika kosa la marehemu. Alikuwa ameifunga amekosea jino, na kwa kuwa injini za valvu za pembeni hazigongani na pistoni, ilidumu hivyo miaka yote. Bi Zainabu alilikwangua kosa, mimi nikaweka sahihi mahali pake.

Mnajua tabia yangu. Sijapata kufunga injini vibaya kwa makusudi, na mteja akiniambia nifanye hivyo namwonyesha mlango. Mikono yenyewe ilikuwa inakataa. Nilifungua kifuniko cha gia tena, nikarudisha kemshafti nyuma jino moja, nikafunga, nikawasha. Mzee akatikisa kichwa. Nikafungua tena, nikaipeleka mbele ya ile sahihi jino moja, nikafunga. Kiki zilinitoa jasho, ilikuwa inakataa kushika. Iliposhika ilitetemeka yote, ekzozi ikabweka. Ilipiga mbili, ikasita mpaka nikadhani imezimika, ikapiga.

Mzee Yohana alishika fimbo kwa mikono miwili na kuinamisha uso, na mabega yake yakawa yanatingishika. Wale watu waliopiga makofi mwanzo walinitazama kama fundi aliyeiharibu.

Ng'ambo ya Malagarasi

Jumapili alfajiri tuliivusha mto kwa kivuko cha kamba, kisha nikapiga kiki na Mzee akashika usukani. Mguu wake haukuweza kiki lakini kuendesha alikuwa hajasahau. Mimi nilikaa nyuma. Nilimwonya asiizime hata kidogo, maana kwa jino lile ikishapata moto itakuwa ngumu kuwaka. Tulipita mashamba ya muhogo na michikichi, njia ikawa ya miguu, ikaanza kupanda. Injini ilikuwa inachemka hadi nikaisikia kwenye viatu. Kila kona watu walitoka kutazama, wakatupungia, naye hakumpungia mtu.

Kijiji kilikuwa juu ya kilima, nyumba chache za udongo. Mwenyeji wake Adela, mama wa Kiha aliyempokea, alikuwa uwanjani anaanika muhogo. Alitukaribisha, mwidiwe, karibuni, akaonyesha mlango kwa kidole. Mlango ulikuwa umefungwa.

Tulisimama. Injini ikapiga, ikasita, ikapiga. Mlango haukufunguka. Mzee alingoja, akangoja, na nadhani alifikiri kelele zinamtisha, kwa sababu mkono wake ulikwenda akaizima. Ningeweza kumshika. Sikuwahi.

Kimya kikaingia. Akaita, "Adela. Ni mimi, Yohana." Akaita tena kwa Kirundi. Hakuna jibu. Yule mama alisema kwa masikitiko kwamba hata wale vijana walimwita hivyohivyo, kwa jina. Mzee akageuka akanitazama, na sitaki kuona tena uso wa mtu mzima ukiwa vile. Akasema alikuwa anajua. Amechelewa mno.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyembamba, maneno machache. Nikamuuliza Mzee amesema nini.

"Anasema iwashe tena."

Nikapanda. Nilipiga kiki, haikushika. Nikapiga tena. Injini ilikuwa ya moto kama jiko, petroli imejaa, na jino lile halikuitakia mema. Nilivua shati. Nilifungua plagi kwa kitambaa, nikaunguza vidole, nikaikausha, nikairudisha. Nikapiga mpaka goti likalia. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliomba Mungu anisaidie kuwasha kitu nilichokifunga vibaya mwenyewe. Yule mama wa Kiha alikuja akashika tangi kutoka upande mmoja isianguke, Mzee upande wa pili, nikapiga kiki na uzito wangu wote.

Ikakohoa. Ikapiga mbili, ikasita, ikapiga.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mvi tupu, amejifunga kanga mbili, macho yana utando mweupe. Hakutazama upande wetu, alitega sikio. Akaja akiifuata sauti, mikono mbele, akagusa taa, akagusa usukani, akafuata usukani mpaka kwenye mkono wa kaka yake, akapanda nao hadi usoni. Akaushika uso ule muda mrefu.

"Musaza wanje," akasema, kaka yangu. Kisha kwa Kiswahili chake cha shida, labda ili na sisi tusikie, "Mbona umezeeka hivi?"

Walikaa chini palepale kwenye vumbi, pembeni ya pikipiki inayounguruma, nami sikuthubutu kuizima. Mzee alikuwa akisema neno moja tu, anarudia, na yule mama akanieleza kwamba anamwomba msamaha kwa kuchelewa. Adela akamziba mdomo kwa kiganja. Akasema maneno marefu, na Mzee aliposikia alilia kwa sauti kama mtoto.

Yule mama alinitafsiria, naye anajifuta macho kwa kanga. Siku ile Adela alikuwa migombani, amekimbilia huko waliovunja mlango walipokuja. Aliisikia pikipiki ikipanda kutoka bondeni. Aliisikia ikisimama nyumbani. Watu wenye mapanga walikuwa karibu naye, hakuweza kutoka. Alikaa kimya ndani ya majani akaisikiliza inaondoka, na tangu hapo alijua kwamba kaka yake alirudi kumchukua, kama alivyosema.

Pikipiki haibebi watatu kwenye mteremko ule. Tulimpakia Adela nyuma, tukamfunga kwa kanga kwenye mgongo wa kaka yake, na mimi nikabaki nishuke kwa miguu. Mzee akaondoa polepole. Ilipiga vibaya njia nzima kuteremka, mbili, inasita, moja, na mwanamke yule ameweka sikio lake mgongoni kwa kaka yake, anacheka.

Nilisimama uwanjani na spana mkononi nikaisikiliza mpaka ilipofika bondeni. Aliyeko Ilagala akitaka kuirekebisha ile injini, mwambieni fundi amekataza.